KAZI IKITAKA KUTUPONYOKA
Somo kwa wafanyakazi waliofika umri wa katikati

Maandiko ya kusoma kwanza: Luka 16:1-9, Kutoka 2:11-22, Kutoka 4:1-5, Matendo 7:22-30.



Kanisa letu linajulikana kwa maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Neno la tatu tunalisema kwa furaha tukienda salongo, tukibeba mawe na matofali. Lakini hapa Lusangi, na katika njia yote toka Kasongo mpaka Kabambare, kuna ndugu ambao neno hilo linawachoma sasa. Wamesikia kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Hakuna barua bado, lakini usingizi umekwisha. Mtu ana miaka 45, ana mke, ana watoto sita au saba shuleni. Usiku anahesabu franka, na akimaliza kuhesabu franka anaanza kuhesabu miaka. Anakumbuka alipopata diploma ya Serikali, na kwamba alitaka kuwa daktari, au mwanasheria, au enjinia. Anajiuliza: Mimi nimefanya nini na maisha yangu?

Maulizo hayo ni mawili: la kwanza ni juu ya mkate, la pili ni juu ya ndoto. Tukiyachanganya hatutapata jibu. Kwa hiyo katika somo hili tutayashika moja moja.

1. JAMBO HILI SI GENI KWETU

Tusidhani kwamba aliyepoteza kazi amelaaniwa. Tuangalie nchi yetu ya Maniema. Mwaka 1976 makampuni mengi ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Baba zetu na kaka zetu walikwenda Kalima, Punia, Kailo na Namoya. Walikuwa na nyumba katika kambi, shule ya watoto, hospitali na posho. Mtu wa SOMINKI aliheshimiwa kijijini.

Mwezi wa Oktoba 1985 bei ya bati ikaanguka katika soko la London. Mchimbaji wa Kalima hakufanya kosa lolote. Hakuchelewa kazini, hakuiba, hakumtukana kapita. Lakini uamuzi uliofanyika mbali ulifika mpaka katika sufuria yake. Kampuni ikadhoofika mwaka kwa mwaka, kisha vita ya 1996 ikaja, na mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa. Wengi walizeeka wakingojea hesabu yao ya mwisho.

Huko Namoya, katika territwari yetu ya Kabambare, kampuni Banro ilijenga mgodi mpya wa dhahabu, na mwaka 2016 ikatangaza kwamba uzalishaji wa biashara umeanza. Watu wakafurahi. Septemba 2019 kazi ikasimamishwa juu ya ukosefu wa usalama. Mwezi huohuo wa Septemba 2019 Serikali ilianza kusomesha bure watoto wa shule za msingi. Ni jambo jema kwa wazazi, lakini mwalimu ambaye jina lake halikuwa katika orodha ya mishahara ya Serikali, aliyekuwa akiishi kwa mchango wa wazazi, alibaki mikono mitupu.

Tunayasema haya ili aliye katika hofu ajue kwamba kazi inaweza kufa bila dhambi ya mfanyakazi. Rafiki za Ayubu walitafuta dhambi yake, na mwishowe Mungu aliwakasirikia wao. Tusiwe rafiki wa namna hiyo.

2. WAKILI ALIYEAMBIWA ATATOKA KAZINI

Katika Luka 16 Bwana Yesu anatuonyesha mtu aliyeitwa na tajiri wake, akaambiwa alete hesabu kwa maana atatolewa. Mtu huyu alikuwa mdanganyifu, na udanganyifu wake hatuuigi. Bwana anasifu akili yake tu. Tuangalie alifanya nini.

Kwanza, aliisadiki habari. Hakusema: Labda tajiri atasahau. Wengi wetu tunasikia dalili mwaka mzima, mshahara unachelewa, mashine inaondolewa, nasi tunaendelea kukopa dukani kama kwamba hakuna kitu.

Pili, alisema ukweli juu ya nafsi yake. Alijua kwamba hana nguvu ya kulima na anaona haya kuomba. Kujua usichoweza ni mwanzo wa kujua unachoweza.

Tatu, alitumia siku zilizobaki. Alikuwa bado na kiti chake na vitabu vyake vya hesabu, akatenda upesi.

Nne, alifikiri juu ya watu. Hakuuliza ataficha feza wapi, aliuliza ni nyumba gani zitampokea. Mtu aliyetegemea mshahara peke yake, asiyejua jirani, asiyeingia katika likelemba, asiyefika kwenye kilio cha mwingine, siku ya shida anaona kwamba alikuwa maskini tangu zamani.

3. JUA HAKI YAKO MBELE YA KUTIA MKONO

Mfanyakazi mwenye mkataba asikubali kutia mkono kwenye karatasi asiyoielewa. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ni ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inasema kwamba mwenye mkataba usio na mwisho hawezi kufukuzwa bila sababu ya haki, na kwamba anapaswa kupewa preavi, ni kusema taarifa ya mbele. Mkubwa wa kazi akiondoa mtu bila kosa zito la huyo mtu, preavi haipungui siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa utumishi unaongeza siku 7. Tufanye hesabu: aliyetumika miaka 12 ana siku 14, na mara 12 ya siku 7, ambazo ni 84. Jumla ni siku 98 za kazi. Asiyejua hesabu hii anapewa mshahara wa mwezi mmoja na kushukuru.

Aombe pia cheti cha mwisho wa kazi. Aangalie kama michango yake ilifika kwenye CNSS, ambayo zamani tuliiita INSS, kwa maana pensheni ya kesho inatoka huko. Atunze karatasi zote: mkataba, karatasi za mshahara, kadi. Wazee wa SOMINKI waliopoteza karatasi zao katika kukimbia vita wanajua uchungu wake. Kudai haki kwa upole si kukosa imani. Mtume Paulo, akitaka kupigwa mijeledi, alitaja haki yake ya uraia (Matendo 22:25).

4. NDOTO AMBAYO HAIKUTIMIA

Sasa tufike kwenye ulizo la pili, ambalo linauma kwa siri. Mtu anaweza kupata shamba na chakula, na bado akalia moyoni kwa sababu hakuwa yule aliyetaka kuwa.

Tumwangalie Musa. Alisomeshwa katika hekima yote ya Misri. Alipofika miaka 40 alidhani ndugu zake watafahamu kwamba Mungu atawaokoa kwa mkono wake, nao hawakufahamu. Alikimbia. Miaka 40 mingine alichunga kondoo, tena kondoo wa mkwe wake, si wake mwenyewe. Mwana wa nyumba ya kifalme amekuwa mchungaji wa jangwani! Lakini jangwa lile ndilo alilopaswa kulipitisha taifa baadaye. Alijifunza visima, njia na uvumilivu. Na siku Mungu alipomwita, alimuuliza juu ya kitu kilichokuwa mkononi mwake. Kilikuwa fimbo ya mchungaji. Mungu hakuuliza habari ya vyeti vya Misri.

Tuangalie pia mtumishi wa Mungu katika nchi yetu. Papa Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba mwaka 1887. Wito ulipomlemea alikwenda Kinshasa kutafuta kazi ya mshahara, akatumika katika kampuni ya mafuta ya mawese. Haikuwa njia yake, akarudi kijijini. Tarehe 6 Aprili 1921 kazi yake ya wazi ilianza, na mwezi wa Septemba mwaka uleule alikuwa amekamatwa. Ni miezi mitano tu! Kisha miaka 30 ya gereza, mpaka alipofariki Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Kama tungepima maisha kwa cheo na miaka ya utumishi, tungesema nini? Lakini Mama Muilu Marie alilitunza kundi kwa siri miaka ile yote, na tarehe 24 Desemba 1959 kanisa likakubaliwa na Serikali. Mbegu ilikuwa chini ya udongo.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Chukua ndoto yako ya zamani, uitenge vipande viwili: cheo na kusudi. Kijana aliyetaka kuwa daktari, labda alitaka koti jeupe. Labda pia alitaka kwa sababu mama yake alifariki njiani akibebwa kwenye kipoyi. Cheo cha daktari, kwa mtu wa miaka 45 mwenye watoto saba, pengine kimepita. Tusimdanganye kwa jina la imani. Amlilie Mungu juu yake, aache. Lakini kusudi halijapita. Mama wengine bado wanabebwa kwenye kipoyi katika njia zetu. Mtu huyo anaweza kukusanya vijana wa kutengeneza daraja la miti, anaweza kusimamia sanduku la wagonjwa la parokia, anaweza kumsaidia mwanawe asome uuguzi. Ndoto haikufa, imebadilisha nguo.

Na kama kuna ndugu aliyeambiwa katika maombi kwamba atakuwa mtu mkubwa, naye haoni kitu, asimkasirikie Mungu wala asijilazimishe kutimiza neno kwa nguvu zake. Neno la kweli halihitaji tuuze kiwanja ili litimie. Ukubwa mbele za Mungu, Bwana amekwisha kutuambia, ni kutumika (Marko 10:43-45).

5. MAMBO YA KUKATAA

Hofu ya kupoteza kazi inaleta majaribu. Tukatae haya manne:
a) Kumchongea mwenzetu kwa mkubwa ili jina lake liondolewe badala ya letu.
b) Kwenda kwa fundi wa dawa usiku ili kufunga kiti kazini. Amri zetu zinakataza, na kiti hakifungwi.
c) Kuiba vyombo vya kazi kwa kusema: Wanatuonea, tujilipe.
d) Kumficha mke. Nyumba ambayo mke anapata habari sokoni imekwisha kupasuka. Keti na mama wa watoto, mweleze, mpange pamoja. Mara nyingi yeye anajua biashara ya mchele na mawese kuliko wewe.

6. KAZI YA KANISA

Tunawaomba wachungaji na mashemasi wenzetu kila parokia ifanye mambo matatu. Moja, aliyepoteza kazi asipoteze nafasi yake: abaki katika kwaya, katika kikundi cha wababa, katika matangazo, hata kama mchango wake umepungua. Mbili, wenye ufundi wa useremala, ushoni, kujenga na kutengeneza pikipiki wapokee wanafunzi wenye mvi bila kuwacheka. Tatu, wenye mashamba kando ya Luama na mahali pengine wamkopeshe ndugu kipande cha kulima kwa msimu mmoja, pamoja na mbegu ya mpunga au mihogo, naye arudishe mbegu wakati wa mavuno.

Mshahara unatoka kwa tajiri, na tajiri anaweza kuondoka. Kazi inatoka kwa Mungu, aliyempa Adamu shamba kabla ya dhambi kuingia (Mwanzo 2:15). Aliyefukuzwa kazini hajafukuzwa kutoka katika neno letu la tatu.

MAULIZO YA KUJADILIANA

1. Ni dalili gani katika kazi yako unazozikataa kuziona?
2. Ukiondolewa mwezi ujao, ni nyumba gani tatu zitakupokea? Wewe umepokea nani?
3. Ndoto yako ya ujana ilikuwa na cheo gani, na kusudi gani? Kusudi hilo linaweza kuanza wapi wiki hii?
4. Katika parokia yetu ni nani aliyepoteza kazi na ambaye hatujamtembelea? Nani atakwenda, na siku gani?

Ulizo la nne lisiachwe bila jina na siku.