Tahadhari Katika Manowari: Somo la Mlango wa Ghala ya Baruti

Wasomaji wetu wa pwani wamekwisha kuziona manowari zikitia nanga Kilindini au Unguja, na wale wa bara wamezisoma habari zake. Mtu aitazamapo manowari kwa mbali huiona mizinga, naye hudhani kwamba hatari ya baharia hutoka kwa adui peke yake. Sivyo hivyo. Chombo hicho huchukua tumboni mwake baruti, makombora, mafuta, rangi, asidi, na hewa kali zilizofungwa katika mitungi ya chuma. Na juu ya vitu hivyo mamia ya watu hula, hufanya kazi na kulala. Nyumba yao ndiyo ghala yao.

Katika somo hili twataka kueleza jinsi vitu hivyo vitunzwavyo, na kwa nini sheria za kuvitunza ni kali hata siku isiyokuwa ya vita. Neno letu ni moja. Kitu cha hatari hakimdhuru mtu kwa sababu ya ukali wake tu. Humdhuru siku ile aachapo sheria ndogo, ama kwa haraka, ama kwa mazoea.

1. Baruti hukaaje chomboni

Katika manowari kubwa za zamani, mizinga ilikaa ndani ya mnara, yaani chumba cha chuma kizito kizungukacho juu ya sitaha. Chini kabisa, mahali palipo chini ya maji ya bahari, palikuwa na ghala ya baruti. Baruti ilipandishwa kwa mashine kutoka ghalani mpaka mizingani, kama ndoo ipandavyo kutoka kisimani.

Baruti ya Waingereza iliitwa kodaiti. Hufanywa kwa pamba iliyotiwa asidi, pamoja na naitrogliserini na mafuta mazito. Ilitiwa katika mifuko ya hariri, na mifuko hiyo ikawekwa ndani ya makasha ya chuma yenye vifuniko. Kodaiti ikiwashwa mahali pa wazi huwaka kwa kasi tu. Ikiwashwa katika chumba kilichofungwa, hewa yake haipati njia, basi hupasua kila kitu. Tena huharibika ikikaa mahali pa joto.

Kwa hiyo palikuwa na sheria. Ghala ipimwe joto kila siku. Mtu asiingie na kiberiti, wala viatu vyenye misumari ya chuma. Kasha lisifunuliwe kabla ya haja. Mlango wa ghala ufungwe, usifunguliwe ila baruti inapopitishwa. Na pawe na mifereji ya kuingiza maji ya bahari ghalani, ili moto ukitokea baruti yote izamishwe mara moja. Sheria hizi si ngumu kuzifahamu, hata mtoto wa shule aweza kuzikariri. Ugumu wake ni kuzishika kila siku.

2. Chombo kilichopotea bila ya adui

Tarehe 26 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Bulwark ilikuwa imetia nanga katika mto Medway, karibu na Sheerness. Ilikuwa asubuhi, na hapakuwa na adui karibu. Ghafula chombo kikapasuka, na moshi ulipoondoka hakikuonekana tena. Watu zaidi ya 700 walikufa, wakasalia wachache tu.

Baraza iliyochunguza msiba huo iliona kwamba baruti nyingi zilikuwa zimewekwa nje ya ghala, katika njia za kupitia. Na kwamba huenda baadhi yake ziliegemezwa ukuta wa chuma uliopakana na chumba cha tanuu za mvuke. Hakuna aliyetaka kuangamiza chombo. Aliyeziweka pale yamkini alisema moyoni, “Nitaziondoa baadaye.” Lakini joto halingojei baadaye.

3. Aliyenyolewa, na asiyetia maji

Tarehe 24 Januari 1915, Waingereza na Wajerumani walipigana katika Bahari ya Kaskazini, mahali paitwapo Dogger Bank. Kombora moja liliipiga manowari ya Kijerumani iitwayo Seydlitz katika mnara wake wa nyuma. Moto ukashika baruti zilizokuwa tayari kwa kupakiwa. Watu waliokuwa chini wakafungua mlango wa kupitia chumba cha mnara wa pili ili wapate kukimbia, na kwa mlango huo huo moto ukapita. Minara yote miwili ikaungua, na zaidi ya watu 150 wakafa. Chombo kiliokoka kwa sababu baharia mmoja, Wilhelm Heidkamp, alishika magurudumu ya mifereji yaliyokuwa yamekwisha kupata moto, akayazungusha kwa mikono iliyoungua, mpaka maji yakaingia ghalani.

Wajerumani walijifunza kwa uchungu huo. Wakapunguza baruti zinazotolewa ghalani kwa wakati mmoja, wakakaza sheria ya milango.

Waingereza hawakuujua moto ule ulivyokuwa. Baada ya vita vile, wakubwa wengi wao walishika jambo jingine: ya kwamba atakayepiga mizinga upesi zaidi ndiye atakayeshinda. Basi katika manowari zao kadha watu wakazoea kutoa baruti mapema na kuzirundika nje ya ghala, kufunua makasha kabla ya wakati, na kuiacha milango wazi, ili mizinga isikae bure hata kidogo. Wahenga wetu walisema, “Mwenzako akinyolewa, chako tia maji.” Hapa kichwa hakikutiwa maji.

Lakini katika manowari ya Lion palikuwa na fundi mkuu wa mizinga, jina lake Alexander Grant. Alipofika chomboni akaona mazoea hayo, hakuyapenda. Akaomba ruhusa ya kuirudisha desturi ya zamani: baruti isitoke mpaka iitwe, na mlango usiwe wazi pasipo sababu. Wengine waliogopa kwamba mizinga itachelewa. Yeye akawazoeza watu wake mpaka wakaonyesha kwamba mizinga haikucheleweshwa na sheria hiyo.

4. Siku ya mtihani

Mtihani ulikuja tarehe 31 Mei 1916, katika vita vya Jutland, mbele ya pwani ya Denmark. Yapata saa kumi alasiri kombora lilitoboa mnara wa katikati wa Lion, likawaua karibu wote waliokuwamo. Meja Francis Harvey, mkubwa wa mnara huo, alikuwa amejeruhiwa jeraha la kufa. Hata hivyo alitoa amri kwa bomba la kusemea, milango ya ghala ifungwe na maji yaingizwe. Baada ya muda moto ulifufuka, ukashuka mpaka vyumba vya chini, ukawaua watu waliokuwako. Lakini ulipofika ghalani ulikuta mlango umefungwa na baruti imo majini. Lion haikupasuka, na watu zaidi ya 1,000 waliokuwamo wakaokoka. Harvey alikufa, akapewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa.

Siku hiyo hiyo manowari nyingine tatu za namna yake zilipigwa. Indefatigable ilipasuka saa kumi na dakika chache. Queen Mary ikafuata kabla ya saa kumi na nusu. Na Invincible ikapasuka saa kumi na mbili na nusu jioni. Waliokufa katika vyombo hivyo vitatu ni zaidi ya 3,300, na waliookolewa hawakufika 40. Seydlitz pia ilikuwako vitani, ikapigwa mara nyingi, ikajaa maji hata karibu kuzama. Lakini ilirudi kwao.

Wataalamu wametaja sababu zaidi ya moja, kama vile wembamba wa chuma na ukali wa kodaiti yenyewe. Hata hivyo katika hizo sababu iliyo kubwa ni baruti zilizorundikwa nje na milango iliyoachwa wazi. Haraka haraka haina baraka: robo dakika iliyookolewa kwa kuacha mlango wazi ililipwa kwa roho za watu maelfu.

5. Vitu vingine vya hatari

Baruti si hatari peke yake. Baharia hufundishwa pia haya yafuatayo.

Rangi na mafuta ya kuichanganyia hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo huweza kutambaa mpaka penye moto ukawaka. Kwa hiyo hukaa katika chumba chake, mbali na mashine. Matambara yaliyolowa mafuta ya rangi yakirundikwa pamoja hujitia joto yenyewe, na huweza kushika moto bila ya mtu kuyagusa. Basi hutiwa katika pipa la chuma lenye kifuniko.

Kila chombo cha dawa huandikwa jina la kilichomo, tena dawa zisizopatana hazikai pamoja. Unga wa klorini wa kusafishia maji, ukikutana na mafuta, huweza kuwaka. Betri kubwa zinapotiwa nguvu hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo cheche moja yatosha kuipasua. Na katika manowari zipitazo chini ya bahari, maji ya chumvi yakiingia katika asidi ya betri hutoa hewa ya klorini, nayo huua.

Jambo linalowadanganya watu wengi ni chumba kilichofungwa siku nyingi. Chuma kinapopata kutu hula oksijeni ya hewa. Mtu akifungua tangi tupu la chuma akaingia, haoni moshi wala hasikii harufu, walakini huanguka. Mwenziwe amwonapo huruka ndani kumwokoa, naye huanguka juu yake. Kwa hiyo sheria husema: hewa ipimwe kwanza, upepo uingizwe, mtu mmoja akae mlangoni asiondoke, na mwokozi asiingie ila amevaa chombo cha kuvutia hewa safi.

6. Sheria bila mazoezi haitoshi

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya zamani tu. Tarehe 29 Julai 1967, katika manowari ya Kimarekani ya kuchukulia ndege, Forrestal, roketi moja ilijifyatua kwa hitilafu ya umeme, ikapasua tangi la mafuta la ndege iliyokuwa sitahani. Mafuta yakawaka chini ya ndege zilizobeba mabomu, na baadhi ya mabomu hayo yalikuwa ya zamani, yasiyoweza kustahimili joto. Kabla ya dakika mbili kupita, bomu la kwanza likapasuka, likawaua wengi wa wazima moto waliozoezwa. Waliobaki walijitahidi kwa ushujaa, lakini hawakuijua kazi: wengine walimwaga povu la kuzimia mafuta, na wengine wakalisafisha povu hilo kwa maji. Watu 134 walikufa. Tangu hapo jeshi hilo la maji likatilia mkazo kwamba kila baharia ajue kuzima moto, si kikosi kimoja tu.

Hata hivyo mazoea hurudi. Tarehe 12 Julai 2020 manowari iitwayo Bonhomme Richard ilishika moto bandarini San Diego, ilipokuwa ikitengenezwa. Vitu vingi vilikuwa vimerundikwa chini, vyombo vingi vya kuzimia moto havikuwa tayari, na palikuwa na kitufe cha kumwaga povu ambacho hakikubonyezwa kwa wakati, kwa kuwa watu hawakufundishwa vema matumizi yake. Moto ulidumu siku nne. Kwa bahati hakufa mtu, lakini chombo kiliharibika kabisa, kikauzwa kuwa chuma chakavu.

7. Yatufaayo sisi

Wengi wetu hatutaingia katika manowari maisha yetu yote. Lakini petroli katika chupa ya soda ni baruti iliyo nje ya ghala. Mafuta ya taa karibu na meko ni baruti iliyoegemezwa ukuta wa tanuu. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyonuka iuayo watu usingizini. Shimo refu au kisima kikuukuu chaweza kuwa na hewa mbaya kama tangi la chombo. Mtu akianguka humo, msishuke mmoja baada ya mmoja kumfuata.

Mzee wa mji au mwalimu afanye kama alivyofanya Alexander Grant. Asingoje msiba. Atazame duka, ghala na chumba cha dawa za mimea, aulize: Ni nini hiki? Kwa nini kimewekwa hapa? Mlango huu wafungwa na nani? Watu watanung’unika kwamba anawachelewesha, na wanung’unike. Mlango uliofungwa kwa wakati hausifiwi na mtu, kwa kuwa msiba uliozuiwa hauonekani. Lakini walio hai ndio ushahidi wake.

Maswali kwa walimu kuwauliza wanafunzi

1. Kwa nini ghala ya baruti ilikuwa na mifereji ya maji ya bahari?
2. Wajerumani walijifunza nini kwa Seydlitz, na kwa nini Waingereza hawakujifunza?
3. Alexander Grant alifanya nini kabla ya vita, na Francis Harvey alifanya nini vitani? Kazi ya mmoja ingalifaa bila ya mwenziwe?
4. Ukimwona mwenzako ameanguka ndani ya shimo au tangi, utafanya nini kwanza?
5. Taja kitu kimoja cha hatari kilichoko nyumbani kwenu, na mahali kinapostahili kuwekwa.