SOMO LA UFUNDI: MAGURUDUMU MEPESI YA MASHINDANO NA BREKI ZAKE



Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo mafundi vijana wa Gisenyi hutuuliza mara kwa mara. Je, pikipiki ya kazi yaweza kufungwa magurudumu mepesi na breki za aina ile iliyotumiwa na pikipiki za mashindano za zamani? Na ikiwezekana, motari atapata faida gani? Swali hili si la anasa. Mtu anayeteremka kutoka Bigogwe kuja ziwani, mvua ikinyesha na abiria yuko mgongoni, ana haki ya kujua ni kitu gani kinachomsimamisha.

Tuanze na wanamashindano wenyewe. Hadi miaka ya 1960 pikipiki nyingi za mbio zilikwenda kwa magurudumu ya spoku yenye rimu za aluminiamu, kama zile za Borrani wa Italia, na breki zao zilikuwa za dramu. Dramu za mbele zilizidi kuwa kubwa, nyingine zikawa na viatu vinne badala ya viwili, na matundu ya kuingiza hewa ili zipoe. Mwaka 1969 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki yake CB750 ikiwa na breki ya diski mbele, na baada ya hapo diski ikaenea upesi. Katika miaka ya 1970 yakaja magurudumu ya kumimina ya magnesiamu. Waliyatengeneza Campagnolo wa Italia, ambao wapenzi wa mbio za baiskeli wanawafahamu kwa gia na breki zao, na vilevile Dymag wa Uingereza, walioanza kazi mwaka 1974.

Kwa nini magnesiamu? Chukua kipande cha ukubwa wa sentimita moja ya ujazo. Kikiwa cha chuma kina karibu gramu 7.9, kikiwa cha aluminiamu gramu 2.7, kikiwa cha magnesiamu gramu 1.7 tu. Ni kweli kwamba gurudumu la magnesiamu hufanywa nene zaidi ili lisivunjike, kwa hiyo uzito haupungui kwa kiasi hicho chote. Hata hivyo unapungua, na unapungua mahali panapofaa kuliko pengine pote.

Uzito wa gurudumu haufanani na uzito wa tangi au wa kiti. Kilo moja iliyo kwenye kiti husukumwa mbele tu. Kilo moja iliyo pembeni kabisa ya gurudumu husukumwa mbele na papo hapo huzungushwa, kwa hiyo injini na breki huihesabu kana kwamba ni karibu kilo mbili. Tena gurudumu liko chini ya springi. Likiwa zito, kila jiwe hulirusha juu, na springi huchelewa kulirudisha chini. Tairi ikiwa hewani haishiki barabara, na breki hata ingekuwa nzuri namna gani haiwezi kusimamisha tairi isiyogusa ardhi. Ndiyo sababu wanamashindano walishughulikia magurudumu na breki kwa pamoja. Fundi anayebadilisha kimoja bila kutazama kingine amefanya nusu ya kazi.

Sasa tuje kwenye hatari. Gurudumu la magnesiamu la mwaka 1975 limekwisha pita miaka 50. Magnesiamu huliwa na unyevu na chumvi upesi kuliko aluminiamu, na rangi ikishabanduka madini hubaki wazi. Nyufa huanza mahali pasipoonekana, hasa pale mikono ya gurudumu inapokutana na habu, na pale beringi inapokaa. Huko Ulaya watu wanaozifufua pikipiki hizo kwa mbio za uwanjani hulivua rangi gurudumu lote, hulipaka dawa ya rangi kali inayopenya kwenye nyufa, au hulipiga picha ya eksirei, kabla ya kulifunga. Lisilopita huwa pambo la ukutani. Wao hukimbia dakika chache kwenye lami laini. Sisi tuna mashimo, tuna mawe ya volkano, na kazi ya kutwa nzima. Kwa maoni yetu gurudumu la namna hiyo halina nafasi kwenye pikipiki ya kubeba abiria, hata lipatikane bure.

Mafundi wenzetu, mnaonywa jambo jingine. Unga wa magnesiamu unaotoka kwenye tupa au mashine ya kusaga hushika moto, na moto huo ukimwagiwa maji huzidi kuwaka. Huzimwa kwa mchanga mkavu. Ama kuhusu kuchomelea, tumeona rimu za kumimina zilizopasuka zikichomelewa kando ya barabara na kurudishwa kazini siku ile ile. Joto la kuchomelea hulegeza nguvu ya madini pembeni ya mshono, na ufa wa pili huzaliwa hapo. Rimu ya kumimina iliyopasuka hutupwa.

Je, hakuna la kujifunza? Lipo, nalo ni lile la wazee wa miaka ya 1960: spoku na rimu ya aluminiamu. Fundi anaweza kuondoa rimu ya chuma akaweka ya aluminiamu yenye kipimo kilekile na idadi ileile ya matundu, akitumia habu ileile. Uzito unapungua pembeni, pale unapoumiza. Na gurudumu la spoku lina sifa ambayo la kumimina halina, nayo ni kwamba likipata pigo spoku mbili tatu hubadilishwa, gurudumu likanyooshwa, motari akaendelea na kazi. Spoku zikazwe tena baada ya siku chache za kwanza, maana hulegea.

Kwa upande wa breki, atakayetaka kutoa dramu ya mbele na kuweka diski asinunue kalipa peke yake. Masta ya kwenye usukani na pistoni za kalipa lazima zilingane. Masta ikiwa kubwa mno, mkono wa breki unakuwa mgumu kama jiwe na nguvu haifiki. Ikiwa ndogo mno, mkono unagusa usukani kabla pikipiki haijasimama. Shokamzoba za mbele ziwe na mahali halisi pa kufungia kalipa, si kipande cha bati kilichotobolewa. Na oili ya breki hunywa maji kutoka hewani. Oili ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mkono unaingia wote, pikipiki haisikii.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha somo, yaani joto. Tuchukue pikipiki, motari na abiria, jumla kilo 260. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Bigogwe mteremko hauko chini ya mita 600. Kilo 260 mara mita 600 mara 9.8 ni zaidi ya joule 1,500,000. Kwa joto hilo ungeweza kuchemsha karibu lita tano za maji ya chai. (Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko.) Nguvu hiyo lazima iende mahali. Upepo huchukua sehemu, na injini iliyo kwenye gia huchukua sehemu kubwa. Lakini motari anayezima injini au kutia nyutro ili kubana petroli ameiachia breki karibu mzigo wote. Dramu ikipata moto hupanuka na kuvikimbia viatu vyake, na lainingi huanza kuteleza. Petroli anayookoa ni kidogo sana, maana injini iliyo kwenye gia na iliyofungwa mafuta hula kidogo sana.

Basi teremka na gia uliyopandia, au moja chini yake. Breki ishikwe kwa nguvu kidogo na iachwe, ishikwe na iachwe, ipate kupoa. Ya mbele isiogopwe. Mteremkoni uzito mwingi huja mbele, na tairi ya nyuma ikishikwa peke yake hujifunga na kuteleza, hasa penye maji. Wenye pikipiki za umeme wakumbuke kwamba injini yao haina kompresheni. Baadhi hurudisha nguvu kwenye betri wakati wa kuteremka, nyingine hazifanyi hivyo, kwa hiyo muulizeni muuzaji kabla ya kuitegemea.

Jambo la afya tusilipite. Lainingi nyingi za breki za zamani, zikiwemo zile za pikipiki za miaka ya 1970, zilitiwa asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu polepole kwa miaka mingi. Fundi anayefungua dramu asiipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Apanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko na kitupwe.

Yote hayo yanahitaji fedha, na hapa lazima tuseme wazi. Motari wengi hawana pikipiki yao. Humpelekea mwenye mali hesabu ya kila siku. Viatu vya breki vikiisha, motari huona bora asubiri hadi wiki ijayo, kwa kuwa siku ya karakana ni siku ya njaa na hesabu bado inadaiwa. Tunashauri kila mwanachama asipokee pikipiki bila maandishi yanayosema mambo mawili: kwamba viatu, pedi na tairi ni gharama ya mwenye mali, na kwamba siku ambayo pikipiki iko kwa fundi kwa ajili ya breki haina hesabu. Mwenye mali asiyekubali akumbushwe kwamba pikipiki iliyoingia bondeni haileti hesabu yoyote.

Zoezi kwa vikundi vya masomo: pikipiki yenye uzito wa kilo 300 pamoja na mzigo inateremka mita 400. Hesabuni joule zote. Kisha hesabuni zinazobaki kwa breki ikiwa injini na upepo vimechukua nusu, na mlinganishe na motari aliyetia nyutro. Majibu yaletwe kwa katibu wa kikundi, pamoja na orodha ya wanachama ambao mikataba yao haitaji breki.