Kutoka Kariakoo Hadi Kogatende kwa Ndege Ndogo

Kariakoo kila kitu hupita kwenye mizani: mchele, dagaa, misumari. Ukisafiri kwa ndege ndogo kwenda Serengeti, anayepanda kwenye mizani ni wewe mwenyewe, na begi lako mkononi. Baadhi ya kampuni hukupima kabisa, nyingine hukuuliza tu una kilo ngapi. Hapo ndipo watu wengi huona haya wakapunguza kilo kwa mdomo. Tafadhali usipunguze. Nitaeleza sababu.

Wanaopanda ndege hizi si watalii peke yao. Mafundi wa sola, mafundi wa majokofu, wapishi, watafiti na wahudumu wa kambi huondoka Dar es Salaam kwenda kutua kwenye viwanja vya changarawe na nyasi huko kaskazini: Seronera, Lobo, Ndutu, na Kogatende karibu na Mto Mara. Wengi wao wanapanda ndege ya aina hii kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyewaeleza chochote zaidi ya saa ya kuripoti. Makala hii ni yao.

Anza na uwanja wenyewe. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere una majengo matatu ya abiria. Jengo la Tatu, lile jipya lililofunguliwa 2019, ndilo madereva wengi wanaloliwaza ukitaja uwanja wa ndege. Safari nyingi za ndege ndogo zinatoka Jengo la Kwanza, lile la zamani. Soma tiketi yako, kisha mtajie dereva au bodaboda jengo kabla hamjatoka Kariakoo. Kutoka Gerezani, daladala za Gongo la Mboto hupita Barabara ya Nyerere na zitakuacha njiani, lakini kama una mzigo wa vifaa, gharama ya bajaji si hasara. Beba kitambulisho cha taifa.

Ndege utakayoikuta mara nyingi ni Cessna Caravan. Ina injini moja, mabawa yako juu ya madirisha, na magurudumu yake hayakunjwi. Inapendwa kwenye viwanja vya vumbi kwa sababu mabawa yako mbali na mawe na nyasi, na miguu yake inastahimili ardhi mbaya. Inachukua abiria wapatao 12. Uzito wake wa juu kabisa wakati wa kuruka haufiki tani nne, na humo mmo ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo yote. Ukiongeza kilo 10 ambazo hazikuandikwa, na jirani yako akaongeza 10 zake, na wengine nao vivyo hivyo, rubani anakuwa amebeba mtu mzima mmoja au wawili asiowajua.

Hapa Dar unaweza usione athari yake. Tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, na barabara ya kurukia ni ndefu na ya lami. Seronera iko juu kwa zaidi ya mita 1,500. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Mabawa yanapata hewa kidogo ya kuyainua, panga linapata hewa kidogo ya kusukuma, na changarawe au nyasi zenye unyevu zinashika matairi. Ndege ile ile, yenye uzito ule ule, hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Kilo ulizoficha Dar zinakuja kudaiwa Kogatende.

Kwa hiyo mzigo. Kampuni nyingi zinaruhusu kilo 15, pamoja na mkoba wa mkononi. Begi liwe laini, lisilo na magurudumu wala fremu ya chuma, kwa sababu mizigo husokomezwa kwenye chumba chembamba kilicho chini ya tumbo la ndege. Mabegi ya kitambaa ya namna hiyo yamejaa Kariakoo. Ukiwa hapo hapo sokoni, chagua na nguo za rangi ya kaki au udongo: bluu iliyokoza na nyeusi huwavuta mbung'o, na sehemu za kaskazini utawakuta.

Mafundi wa sola nawaomba wasome aya hii mara mbili. Power bank inakaa na wewe ndani, haiwekwi kwenye mizigo, na kikomo chake cha kawaida ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74, kwa hiyo inapita. Betri ya lithiamu ya sola ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Hiyo haipandi ndege ya abiria. Ipeleke kwa barabara siku kadhaa mapema. Betri ya maji yenye tindikali, mtungi wa gesi, thina, rangi ya mafuta na jenereta ambayo imewahi kutiwa petroli navyo hivyo hivyo. Zebaki, hata ya kichupa kidogo, ni hatari ya pekee: inakula alumini, na mwili wa ndege ni alumini. Usimfiche mhudumu kitu hata kimoja kati ya hivi. Muulize, atakuelekeza.

Njiani, ndege hizi huenda kama daladala. Unaweza kutua Zanzibar, kisha Arusha, kisha kiwanja kimoja au viwili vya porini kabla ya chako, na mpangilio hubadilika kulingana na abiria wa siku hiyo. Usishuke kwa kuwaona wengine wanashuka. Vingi vya viwanja hivi havina jengo la maana wala kibao kikubwa. Msikilize rubani akitaja jina. Kwenye Caravan hakuna choo, basi maliza haja zako kila mnapotua penye huduma. Masikio yakiziba wakati wa kushuka, meza mate au tafuna kitu.

Viwanja vya porini havina taa. Jua likizama, karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, siku ya kuruka imekwisha. Ndiyo maana kuchelewa kwa nusu saa asubuhi Dar kunaweza kukulaza Arusha.

Kati ya Arusha na Serengeti kuna nyanda za juu za Ngorongoro, na mawingu hupenda kulala juu ya kingo zake, hasa asubuhi. Tarehe 15 Novemba 2017, Caravan iliyokuwa ikielekea Serengeti ilianguka eneo la kreta ya Empakai, na watu wote 11 waliokuwamo wakafariki. Siandiki hili kuwatisha. Naliandika ili ukiambiwa Arusha kwamba ndege inasubiri mawingu yainuke, ukae kwa amani. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ardhi yenyewe huleta kikwazo: udongo mweusi ukilowa unateleza na kunasa magurudumu, na kiwanja kinaweza kufungwa ingawa mbingu ni nyeupe.

Wanyama nao wana sauti. Kabla ya ndege kutua, gari la kambi hupita kwenye njia kufukuza nyumbu na swala, na pengine rubani mwenyewe hupita chini mara moja akaangalia, kisha akazunguka. Ukiona ndege imeinuka tena bila kutua, usipige kelele. Ndege wa angani ni hatari zaidi. Michael Grzimek, kijana Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake Bernhard, alifariki Januari 1959 baada ya ndege yao ndogo kugongana na tumbusi. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro.

Mkishatua, baki kitini hadi panga lisimame kabisa na rubani akufungulie. Mlango wa abiria uko nyuma. Ukishuka, elekea nyuma, usipite mbele ya pua ya ndege hata kama gari lako limeegeshwa upande huo. Mtoto mshike mkono. Viwanja hivi havina uzio, kwa hiyo kaa karibu na gari na usiingie majanini kujisaidia.

Una haki pia. Kampuni yoyote inayochukua abiria kwa nauli lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndege iliyosajiliwa nchini ina herufi zinazoanza na 5H ubavuni. Mtu akikupa nafasi ya bei poa kwenye ndege ya rafiki yake, uliza leseni. Ukiwa na malalamiko, Mamlaka hiyo ina baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga.

Jambo la mwisho ni ombi. Ukipanga kazi huko, tenga siku moja ya akiba kwenda na moja kurudi, na umweleze hivyo anayekusubiri kambini. Rubani akisema leo haturuki, usimpigie bosi wake simu wala usimwambie kwamba jana mwenzake aliruka. Mshukuru, tafuta pa kulala, urudi asubuhi.