Somo: Mipira ya Mbele ya Trakta Kuukuu ya Kukatia Majani

Ewe msomaji, ukikaa Kolwezi au katika vijiji vilivyo karibu na mto Lualaba, wajua sana habari za majani. Mvua ikianza, yapata mwezi wa Oktoba au Novemba, majani huota upesi, na baada ya muda mfupi nyoka hupata pa kujificha mlangoni pako. Mvua ikikoma mwezi wa Aprili, majani hayo hukauka, na moto wa porini ukipita huunguza nyumba na ghala. Kwa hiyo kukata majani kuzunguka nyumba, shule na uwanja wa michezo si kazi ya urembo tu, bali ni ulinzi wa kijiji.

Labda ninyi mmechanga fedha mkanunua trakta kuukuu, kama Ferguson TE20 iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1946 hata 1956, au Massey Ferguson 135 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Injini yaweza kuwa nzima bado, lakini mipira ya mbele imekwisha. Je, mnunue mipira gani? Sikilizeni.

KAZI YA MIPIRA YA MBELE

Katika trakta za namna hii magurudumu ya nyuma ndiyo yavutayo. Ya mbele hayavuti. Huchukua uzito wa mbele na kuonyesha njia. Ndiyo sababu mpira wa nyuma una meno makubwa, na wa mbele una matuta yanayouzunguka. Usitafute meno kwa magurudumu ya mbele ya trakta hii; hayana faida, tena huchimba majani. (Trakta ivutayo kwa magurudumu manne ni habari nyingine: mipira yake ya mbele na ya nyuma lazima ipatane kwa kipimo, la sivyo gia huharibika.)

NAMNA TATU ZA MPIRA

1. Mpira wa tuta moja refu katikati. Huu ni wa shamba lililolimwa, maana tuta huingia katika udongo na kushika njia. Penye majani ni mbaya: kila ukigeuka hukata ardhi kama kisu, na mvua ikinyesha maji hufuata mkato huo.

2. Mpira wa matuta matatu. Huu ndio wa desturi. Hushika njia vizuri penye matope na mteremko. Huacha alama kidogo ardhi ikiwa laini. Kama trakta yenu hulima pia, chagueni huu.

3. Mpira mpana wenye matuta mengi mafupi. Huu hukaa juu ya ardhi wala hauumizi majani. Lakini penye matope huteleza upande. Kama kazi ni kukata majani tu, na mahali ni tambarare, huu wafaa kuliko yote.

Mtu mwingine atakuambia, "Tia mpira wa motokaa, ni rahisi." Angalia! Huenda ukaingia katika rimu, lakini kuingia si kufaa. Mpira mwembamba hutobolewa na visiki vya majani makavu na vipande vya chuma, navyo si haba katika nchi ya migodi.

SOMA NAMBA

Ubavuni mwa mpira mna namba. Ferguson TE20 hutumia 4.00-19; Massey Ferguson 135 kwa desturi hutumia 6.00-16. Namba ya kwanza ni upana wa mpira, ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa inchi. Namba ya pili lazima ilingane kabisa na rimu yako. Usilazimishe mpira wa kipimo kingine kwa nyundo na pumzi nyingi. Waweza kupasuka na kuua mtu.

Tena tazama namba iliyo karibu na herufi PR, kama 4 au 6. Hiyo ni nguvu ya mpira. Kama trakta ina ndoo ya kubebea mchanga mbele, nunua wenye nguvu zaidi.

Mipira mingi ina namba nne za siku ya kuzaliwa kwake: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira mzee uliopasuka-pasuka ubavuni usiununue, hata kama matuta yake ni mazuri.

KABLA YA KUTIA MIPIRA MIPYA

Inua mbele kwa jeki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha tikisa kila gurudumu. Likicheza, tengeneza kwanza. Pima umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma. Upande wa mbele uwe mdogo kidogo, kama kitabu cha trakta kinavyoagiza. Ukiacha jambo hili, mipira mipya italika upesi, na fedha ya kijiji itapotea.

Sugua kutu ya rimu kwa brashi ya waya, maana kutu hutoboa mpira wa ndani. Nunua miwili ya namna moja, ukaijaze pumzi sawasawa. Unapojaza, simama kando, usisimame mbele ya mpira.

MWISHO, HATARI MOJA

Mashini ya kukatia ikiinuliwa nyuma, mbele ya trakta huwa nyepesi. Ukipanda mteremko au kando ya kichuguu, mpira ulio mzuri namna gani hauwezi kuongoza ikiwa haugusi ardhi. Funga vyuma vya uzito mbele, nenda polepole, na watoto wakae mbali, maana mashini hurusha mawe.

MASWALI

1. Kwa nini mpira wa tuta moja haufai penye majani?
2. Namba 6.00-16 maana yake nini?
3. Utafanya nini kabla ya kutia mipira mipya?
4. Kwa nini mbele ya trakta hutiwa vyuma vya uzito?