SOMO LA MWEZI: MAABARA YA CHUO KIKUU NA NGURUWE WETU



Mshahara wa mvunaji wa mawese huisha kabla ya mwezi kuisha. Ndiyo maana wengi wetu tunafuga. Nguruwe mmoja ni madaftari ya watoto, ni dawa, na samadi yake inastawisha muhogo. Homa ya nguruwe ikiingia, zizi zima laweza kuisha kwa siku chache. Haimwambukizi binadamu, lakini humwacha mikono mitupu. Kisha huja lawama: fulani ametia sumu. Maabara yaweza kumaliza ugomvi huo, tukijua namna ya kuitumia. Wenzetu Waislamu wasiofuga nguruwe nao wasome, maana utaratibu wa mbuzi na muhogo ni karibu uleule.

Vinasaba ni nini?

Ni maandishi yaliyomo ndani ya kila kiumbe, kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kirusi cha homa ya nguruwe kina herufi zaidi ya 170,000. Mashine huzisoma kwa mpangilio wake, kisha wataalamu huzilinganisha na za virusi vya mahali pengine. Hapo ndipo ukoo wake hujulikana.

Tuchukue mfano wa jirani. Mwaka 2018 homa hiyo iliua nguruwe katika uliokuwa mkoa wa Rutana, ambao leo umo pamoja na Rumonge yetu katika mkoa wa Burunga. Mwaka 2019 iliua huko Karonga, Malawi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Burundi na Malawi, walisoma virusi vyote viwili. Kwa macho, kifo kilikuwa kimoja. Kwa herufi, cha Rutana kilikuwa cha ukoo wa 10, unaojulikana siku nyingi Afrika Mashariki. Cha Karonga kilikuwa cha ukoo wa 2, uleule ulioingia Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018. Basi hata mahali pa kutafuta chanzo ni tofauti.

Tufuate hatua hizi

1. Tujue swali letu. Tukitaka kujua kama ni homa ya nguruwe au siyo, kipimo cha PCR kinatosha, kama kile cha wakati wa korona. Kusoma vinasaba ni kwa swali la pili: imetoka wapi? Anayelipia la pili wakati anahitaji la kwanza anapoteza fedha.

2. Tumwite daktari wa mifugo. Yeye ndiye achukue damu au kipande cha bandama, akiweke katika chombo safi chenye barafu, na kuandika mahali na tarehe. Tusipasue mzoga wenyewe, kwani damu yake hueneza ugonjwa. Sampuli iliyooza haisomeki vizuri.

3. Sampuli ikivuka mpaka, ipate karatasi za ruhusa za nchi zote mbili.

4. Tuulize bei kwa maandishi: kutoa vinasaba ni kiasi gani, kusoma kiasi gani, na kueleza majibu kiasi gani. Maabara nyingine hurudisha herufi tupu bila maelezo.

5. Tudai majibu yarudi zizini, kwa Kirundi au Kiswahili.

Tusingoje majibu ndipo tuchukue hatua. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuutibu. Nguruwe wafungiwe zizini, mizoga izikwe, nyama yake isiuzwe hata kwa bei ya kutupa, na mabaki ya chakula yachemshwe kabla ya kuwalisha.

Nani alipe?

Kujua chanzo cha ugonjwa kunalinda mazizi ya nchi nzima. Si haki gharama hiyo imwangukie mvunaji mmoja aliyekwisha poteza mifugo yake. Sisi tunasema: kazi ya mfugaji ni kutoa taarifa mapema; gharama ya kusoma vinasaba ibebwe na idara ya mifugo au mradi wa utafiti. Mtu mmoja akiomba hivyo hasikilizwi. Tawi likiandika barua, itabidi ijibiwe.

Maswali ya kujadili tawini

1. Nguruwe wakifa leo, nani atampigia daktari wa mifugo simu?
2. Kwa nini watu huuza haraka nyama ya mnyama aliyekufa, na chama kifanye nini ili wasilazimike?
3. Nani kati yetu ataandika barua ya kuuliza bei na majibu?

Tulete majibu mkutano ujao.