Ada ya Mganga: Ni Nani Ailipe?

Tuanze somo letu na habari iliyo ya kawaida mno katika vijiji vya Kasongo na Kabambare. Mtoto ashikwa na homa. Siku ya kwanza mama amfunika nguo. Siku ya pili amchemshia majani. Siku ya tatu baba azunguka kwa jamaa akitafuta fedha. Siku ya nne ndipo wampakiapo kwenye baiskeli kwenda hospitali, naye amekwisha kupungukiwa na damu. Je, wazazi hawa ni wazembe? Hasha! Walijua tangu mwanzo kwamba mlangoni huulizwa fedha.

Basi tazameni hesabu. Siku ya kwanza malaria yataka vidonge vichache. Siku ya nne yataka damu, kitanda na siku nyingi za kulazwa. Malipo ya mlangoni hayakupunguza gharama, yaliikawiza hata ikakua.

Jambo hili lilichunguzwa papa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1971, waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo pamoja na wauguzi wenyeji. Waliweka vituo vya afya karibu na watu, na hospitali ikawapokea waliozidiwa. Mgonjwa hakulipia kila sindano na kila kidonge. Alitoa ada moja kwa ugonjwa wake wote. Ni fahari yetu, ingawa vijana wengi hawaijui. Walakini ada moja nayo ni ada, tena yadaiwa siku ile ile ambayo mtu hawezi kulima wala kuuza.

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alijifungua kwa kupasuliwa, kisha akazuiwa hospitalini mpaka deni liishe. Kijana wake aliacha masomo ya mchana ili ampelekee ugali.

Swali: Je, yatosha serikali kutangaza kwamba matibabu ni bure?

Jibu: Haitoshi, tena ni hatari. Kituo kisicholetewa dawa wala mishahara, kikikatazwa kutoza, kitafungwa, au mwuguzi atatoza kwa siri. Matibabu ya bure ni yale yaliyokwisha kulipiwa: na sisi sote, kwa kodi, kila mtu kadiri ya mapato yake, wakati angali mzima.

Swali: Fedha zitatoka wapi?

Jibu: Mwaka 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga kwa afya asilimia 15 ya bajeti zao. Miaka mingi ilipita na Kongo haikulifikia fungu hilo. Nayo ardhi ya Kabambare, kule Namoya na Salamabila, hutoa dhahabu. Ni haki gani mama akaaye juu ya dhahabu auze mbuzi wake wa mwisho ili ajifungue?

Mwezi Septemba 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa kulipia uzazi. Ni vema. Lakini sanduku la dawa lina safari ndefu kutoka Kinshasa hadi Kabambare. Kwa hiyo kamati ya afya ya kijiji ikutanapo, ajuaye kusoma na aombe daftari, atazame ni dawa gani zilizofika, tarehe gani, na ni nani aliyezilipia.