Henry Kiyama: Kutoka Picha za Rangi Hadi Katuni

Wengi wetu tunadhani katuni ni ya kuchekea tu, tena ukipatikana nayo darasani, kwisha! Hebu leo tumtazame mchoraji mmoja aliyeichukulia kwa uzito. (Frank Odoi wa Ghana, aliyehamia Nairobi akatuchorea Akokhan, nitamwandika siku nyingine.)

Yoshitaka Kiyama alizaliwa Japani mwaka wa 1885. Mwaka wa 1904 alivuka bahari hadi San Francisco, Marekani, akajiita Henry, akasomea uchoraji. Alijua kazi yake barabara. Lakini maisha ya wahamiaji wenzake yalikuwa na mambo ambayo picha moja ukutani haiwezi kuyasema. Kijana ametoka kwao kusoma, kumbe riziki inatafutwa jikoni mwa watu, akiwa boi. Mama mwenye nyumba anaamuru hivi, yeye anaelewa vile, na jioni hana kazi. Picha ya rangi hushika dakika moja tu. Kisa kama hiki kinataka amri, kosa na matokeo, kimoja baada ya kingine. Ndiyo kazi ya katuni: kisanduku hiki, kisha kile, na maneno juu ya vichwa vya watu.

Kiyama alichora visa 52, kila kimoja kurasa 2, kuhusu vijana 4 wa Kijapani. Mtetemeko wa ardhi wa 1906 umo, homa ya 1918 imo, hata mabibi harusi waliochaguliwa kwa picha wamo. Imo pia sheria ya 1924 iliyowafungia Wajapani mlango wa Marekani. Michoro ilionyeshwa 1927, na 1931 ikatoka kitabu.

Kilichonivutia mimi hasa ni lugha. Vijana hao wakiongea wenyewe, ni Kijapani safi. Wakimjibu Mwamerika, ni Kiingereza cha kuvunjikavunjika, na kimeandikwa vivyo hivyo. Basi Mwamerika hakuweza kukisoma kitabu, na Mjapani aliyebaki kwao angekwama njiani. Kilikuwa cha wale wa katikati. Nyinyi mnaochanganya Sheng na Kiswahili mnaelewa, sivyo? Angetumia lugha moja, wasomaji wangeongezeka lakini kichekesho kingekufa.

Kiyama alirudi Japani 1937, akafariki 1951. Mwaka wa 1980, Frederik Schodt alikikuta kitabu hicho katika maktaba ya chuo kikuu huko Berkeley, akakitafsiri. Kijapani kikawa Kiingereza laini, ila kile Kiingereza cha kuvunjika alikiacha kama Kiyama alivyokiandika kwa mkono wake.